Kobe Asiyekunywa Maji

Sisi tuliokulia Issuna wakati ule, mtoto aliweza kukuhesabia magari yote aliyowahi kuyaona tangu azaliwe, na akakutajia na rangi zake. Mimi nilikuwa nimefikisha kumi na moja. Malori ya karanga, basi la kwenda Manyoni, Landrova ya serikali iliyokuwa ikija wakati wa njaa. La kumi na moja lilikuwa la kwetu. Lililala uani kwetu, karibu na zizi lililobaki tupu, na asubuhi kuku walishukia mgongoni mwake.

Mniwie radhi kwa mwandiko. Niliishia darasa la tano, na kwa nini niliishia hapo ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuisema. Waliohusika nitawataja kwa majina, maana wengi wameshakufa na aliye hai anajua kwamba naandika.

Lilikuwa lile gari dogo la Mjerumani, mgongo umepinda, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Watu wa mjini walikuwa na majina yao ya kumwita. Kwetu aliitwa Kobe, basi, kama vile mtu. Wenzangu wa rika langu mnamkumbuka. Kila mji ulikuwa naye: kwa padri, kwa mwalimu mkuu, kwa bwana afya. Baba alipenda kusema hilo ndilo gari pekee duniani lililotengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na kitu.

Baba yangu ni Mzee Athumani, mnunuzi wa asali na ngozi. Alimnunua Kobe kwa bwana afya aliyekuwa anahamishwa, na ili ampate aliuza ng'ombe wote tisa. Issuna nzima ilikuja kushangaa. Jirani yetu, mzee mwenye zizi kubwa, alizunguka lile gari mara mbili na fimbo yake, akaligonga mgongoni, akasema:

"Athumani, ng'ombe tisa wanaozaa umebadilisha na kobe mmoja asiyezaa?"

"Ng'ombe wako wanakunywa maji," baba akamjibu. "Wangu hanywi."

Watu walicheka, lakini walielewa. Kwetu maji yalikuwa ya kufuata mbali na ndoo kichwani, na kiangazi tulichimba mchanga wa korongo mpaka kucha zinauma. Lori lilipopita kijijini lilisimama lina moshi puani, na taniboi akaja mbio na dumu: "Mama, tusaidieni maji, mashine imechemka!" Mama alimpa huku ananung'unika. Kobe hakuomba hata siku moja. Alikwenda Singida akarudi, alikwenda Manyoni akarudi, na baba alimpangusa vumbi tu kwa kitambaa kikavu.

Hilo lilinisumbua akili. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Kwa nini injini iko nyuma na buti liko mbele, au waliligeuza kwa makosa huko kiwandani? Kwa nini likiwashwa linakohoa tuku-tuku-tuku kama mashine ya kusaga? Na kwa nini halinywi? Nilimuuliza mama, akasema kamuulize baba yako. Nilimuuliza baba, akasema kachambue karanga. Mwezi wa Ramadhani nilipata jibu langu mwenyewe, kwamba Kobe amefunga. Lakini Idi ikaja, tukala pilau, ikapita, Kobe bado amefunga. Nikaanza kumhurumia.

Tulikuwa na raha, nisiseme uongo. Watoto wa leo wananunuliwa magari ya plastiki yanayopiga kelele yenyewe, na kufika jioni wameyachoka. Sisi tulitengeneza Kobe kwa mabua ya mtama, taa za mbegu za maboga, na kelele ya injini tulitoa kwa midomo yetu mpaka mate yanakauka. Tulirudi nyumbani miguu myeupe kwa vumbi, tunakuta ugali wa uwele na mlenda, na mkono wa kwanza kwenye sahani ni wa baba. Jioni mama alikaanga alizeti kidogo kwenye kikaango, tukakaa ndani ya Kobe tunatafuna, maganda tunatema dirishani, kaka yangu Ramadhani ameshika usukani kwa sababu yeye ni mwanamume. Mimi nilikuwa konda. Hata hilo la ukonda nililipigania.

Na kazi alifanya. Mama mjamzito akizidiwa, walikuja kwetu wanakimbia. Kuna mtoto wa jirani alizaliwa kiti cha nyuma kabla hawajafika hospitali, leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na mpaka kesho anaitwa Bwana Gari. Baba alipokea alichopewa, debe la uwele, jogoo, kibuyu cha asali. Ada zetu za shule zilitoka humo humo.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mama yangu mdogo alikuwa anaolewa Misigiri, huko Iramba. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Salima, alikuja kulala kwetu ili asubuhi tuondoke pamoja na Kobe. Wasiojua desturi niwaeleze kidogo. Kwetu siku zile mkwe na mama mkwe hawakutazamana usoni. Hawakupeana mkono, hawakula pamoja, na neno kati yao halikupita moja kwa moja. Lilipita kwa mtoto. Mtoto huyo ndiye mimi. Wamekaa hatua tatu tu, ukuta hakuna, wanasikiana vizuri kabisa, lakini baba anasema, "Zaituni, muulize bibi yako kama amelala salama." Nami namgeukia bibi nasema, "Bibi, baba anauliza umelala salama?" Bibi amejifunika khanga mpaka kwenye pua, anaangalia zizi: "Mwambie baba yako nimelala salama, namshukuru Mungu." Nilikuwa simu kabla simu hazijafika.

Asubuhi ile wakati wakubwa wanakunywa uji, mimi nilikuwa na shughuli yangu. Safari ilikuwa ndefu, mpaka Singida na kupita, na nilijua Kobe hatafika na kiu. Nikachota kata moja ya maji mtungini, nikainua boneti ya mbele, maana mnyama hunywea mbele, nikammiminia. Maji yalikwenda kwenye tairi la akiba na kupotelea chini. Nikamwambia, "Kunywa, hakuna anayeona." Nikageuka, Ramadhani huyo hapo anatazama.

"Nitasema," akasema.

"Sema."

Hakusema wakati ule. Aliliweka.

Bibi Salima alikuwa ameleta kuku kumi na wawili wa harusi ndani ya tenga. Mbele buti limejaa unga na vyombo, ndani tumebanana, basi tenga likafungwa nyuma, juu ya bampa. Bibi mwenyewe ndiye aliyefunga. Halafu akaona barabara ilivyo nyekundu, akahurumia kuku wake. Akachukua gunia la katani, akalichovya maji, akalifunika tenga lote na mgongo wa Kobe kuanzia chini ya kioo cha nyuma, akakaza kamba mpaka mafundo yakalia. "Kuku wa harusi hawaendi na vumbi," akasema. Baba alisimama pembeni anaangalia chini. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona.

Tukaondoka. Mama mbele, sisi nyuma, mimi katikati ya bibi na Ramadhani. Tulipopita Singida mjini kidogo baba alisimamisha gari, akashuka, akaenda nyuma, akarudi. Alikaa na mikono yake kwenye usukani.

"Zaituni," akasema, "muulize bibi yako kama lile gunia lina ulazima."

"Bibi, baba anauliza gunia lina ulazima?"

"Mwambie baba yako kuku si mawe."

Baba akawasha gari. Mama alimtazama, hakusema neno. Mimi nilicheka moyoni kwa jinsi wazee walivyo na mambo.

Kabla ya kufika Misigiri Kobe alianza kunuka vibaya, harufu ya chuma na oili. Tuku-tuku ikawa nzito. Kwenye mlima mdogo akatoa mlio mmoja, kama mtu aliyevunjika jino, akasimama. Baba alijaribu kumwasha. Kimya. Tuliposhuka, gunia limekauka kama karatasi na kuku wanne wamekufa, manyoya yanatoka yenyewe. Bibi Salima akaweka mikono kichwani, si kwa ajili ya gari, kwa ajili ya kuku.

Hapo ndipo Ramadhani alipolitoa neno lake.

"Zaituni alilinywesha maji! Nilimwona asubuhi! Baba alisema halinywi maji, yeye kalinywesha!"

Wote wakanigeukia. Mimi nikamtazama baba. Nilingoja anichape, au aseme ni ujinga wa mtoto, lolote. Baba akanitazama muda mrefu, akageukia barabara, na hakusema kitu. Ninyi mnajua kimya cha baba wa enzi zile. Kimya chake kilikuwa hukumu.

Jina likafika Issuna kabla yangu: Mnywesha Kobe. Shuleni waliniimbia. Fundi mmoja kutoka Singida, Fundi Makala, aliletwa kulitazama gari baada ya kuvutwa na ng'ombe wa watu mpaka nyumbani. Alizungumza na baba faraghani, akaondoka. Baadaye ikajulikana injini imekufa kabisa. Ng'ombe hawapo, gari halipo, na ada ikapatikana ya mtoto mmoja. Wakachagua. Ramadhani aliendelea mpaka akawa karani. Mimi nilipelekwa Ihanja kwa shangazi kulea watoto wake, na hakuna aliyeona ajabu, maana aliyeua gari ni nani? Nilitembea siku ile na daftari langu la hesabu kwenye bahasha, nikidhani Ihanja nako nitasoma. Daftari lile shangazi aliwashia moto.

Miaka arobaini, jamani. Nimeolewa, nimezaa, nimeachwa, nimezika, nauza kuku na mafuta ya alizeti hapa hapa Ihanja, na swali halikutoka kichwani. Kata moja ya maji inauaje gari? Kila dereva aliyesimama kununua kuku nilimuuliza. Vijana wananijibu huku wanaangalia simu. Mmoja akaniambia, "Mama, hizo gari za kizamani, sahau." Sahau! Kijana huyo gari lake likizima anapiga simu na kukaa kivulini. Baba zetu walifungua injini kwa kisu cha kukatia nyama wakaifunga tena.

Mwezi wa sita mwaka huu Ramadhani akanipigia. Ameuza mwili wa Kobe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuniuliza, alinitaarifu. Nilikwenda Issuna siku ya pili yake. Nikakuta mawe manne aliyokuwa amekalia na nyasi nyeupe katikati, zilizokosa jua miaka yote hiyo. Wamemkatakata kwa shoka, wakamrundika kwenye guta la magurudumu matatu pamoja na masufuria mabovu. Binti yangu aliwahi kunisomea kwenye simu kwamba huko ng'ambo, nchi inaitwa Meksiko, kiwanda cha mwisho kilipoacha kuwatengeneza, Kobe wa mwisho alivalishwa maua na kupigiwa muziki na wanamuziki waliovaa kofia kubwa. Wa kwetu alizikwa na mizani.

"Ungemfanyia nini?" Ramadhani akaniuliza. "Kutu tupu."

"Kilichobaki kiko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Mlango wa banda lake la kuku ulikuwa kifuniko cha injini cha Kobe, kile cha nyuma chenye matundu marefu marefu, rangi yake ya samawati bado imeshika pembeni. Kuku wanachungulia kwenye matundu. Nikaking'oa palepale. Ramadhani akasema, "We Zaituni, kuku watalala wapi?" Nikamwambia kuku si mawe, watajua la kufanya.

Nilikwenda nacho moja kwa moja Singida mjini. Nilikuwa nimesikia Fundi Makala bado yu hai, anakaa kwa mwanawe nyuma ya soko. Nilimkuta uani kwenye jua, miguu amefunga blanketi, macho yana ukungu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Wa Athumani wa Issuna. Mwenye Kobe."

Nilimwekea kifuniko mapajani. Mikono yake ilikijua kabla yake. Akapitisha vidole kwenye matundu, moja baada ya jingine, kama anayehesabu meno ya ng'ombe.

"Hapa ndipo alipokuwa anapumulia," akasema. "Hapa na chini ya kioo. Ndiyo maana hanywi maji, mama. Magari mengine yanapozwa na maji. Huyu alipozwa na upepo. Kuna feni humu, inavuta upepo kwa nyuma. Ukimziba, unamkaba koo."

"Na akimwagiwa maji mbele? Kwenye tairi la akiba?"

"Mbele kuna mizigo tu. Maji yanatoka chini kwenye tundu, yanaenda zake. Hata ndoo nzima."

Nilikaa chini, kwenye udongo.

"Mzee, baba alijua?"

Fundi Makala alikuwa bado anapapasa matundu.

"Nilimwambia siku aliponunua. Nilimwambia, Athumani, huyu usimzibe nyuma hata kwa kitambaa. Nilipoletwa kutazama injini ilikuwa imenoki, pistoni zimeshikana na chuma. Nikamuuliza ulimziba na nini? Akasema gunia. Nikasema, na ulijua? Akasema lilifungwa na mama mkwe. 'Ningelifungua mbele yake nimwambie nini?' akaniuliza. Nikamwambia, lakini nimesikia mnasema ni mtoto. Akanishika mkono, akasema, 'Fundi, mama mkwe hasemwi. Mtoto husahau.'"

Mwanawe alileta chai. Sikuinywa.

Basi nimewataja kama nilivyosema. Ramadhani, aliyeona maji akaacha kuona gunia. Bibi Salima, ambaye namsamehe kwa sababu hakujua, alihurumia kuku kama mimi nilivyomhurumia Kobe, na tukiwekwa kwenye mizani tuko sawa. Mama, aliyemtazama baba akanyamaza. Na baba yangu Athumani, niliyemuuguza mwaka wake wa mwisho, niliyemlisha uji kwa kijiko, ambaye siku moja alinishika mkono akaniambia, "Zaituni, wewe ulikuwa mtoto wa kuuliza sana," akalala. Nilidhani ananisifia. Sasa sijui alitaka nimuulize nini.

Mtaniambia ndiyo adabu ya zamani ilivyokuwa, na leo haipo. Kweli haipo. Mimi mwenyewe nalisema hilo kila siku. Watoto wanakusalimia "mambo" huku wamevaa kofia. Wakwe wanawatumia mama wakwe picha za kuchekesha kwenye simu. Hakuna anayeangalia zizi. Nimelaumu sana mambo hayo, na mengi bado nayalaumu. Adabu ile ilitulea, ilifanya mzee wa miaka themanini atembee kijijini bila fimbo, kwa kuwa kila mtoto ni fimbo yake. Lakini ilikuwa nzito, na wakati mwingine waliobebeshwa ni wale wasio na mabega.

Wiki iliyopita tulikuwa na safari ya kwenda kumwona mjukuu mpya. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ana kigari cha Kijapani cha kubanana. Buti limejaa, kuku wangu sita nikawafunga nyuma kwenye tenga, nikatandaza gunia juu yao na kulichomeka mpaka kwenye bomba la moshi lisiwapulizie. Wenye akili mtacheka. Mimi nilikuwa nimetoka kwa Fundi Makala mwezi mmoja tu, na mkono ulikwenda wenyewe, mkono wa Bibi Salima.

Mkwe wangu akaja nyuma, akatazama, akanitazama usoni.

"Mama, shikamoo tena. Hilo gunia toa. Utaniulia gari na kuku wako."

Usoni! Mbele ya watu! Enzi zetu ningenuna mwezi mzima, na ukoo ungeitwa. Damu ilinipanda mpaka masikioni, nikatafuta la kumjibu. Kisha nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaanza kufungua mafundo. Yalikuwa yamekaza, nilitumia meno.

Tulifika kuku wakiwa wekundu kwa vumbi, wamekasirika, wote sita. Mjukuu wangu mkubwa alikaa njia nzima kati yangu na mlango, anakula karanga na kuchungulia nje. Mara mbili mkwe wangu alizungumza nami, na mara mbili nilimjibu. Hakuna aliyempa mtoto neno la kubeba.